Nalipwa chini ya kima cha chini, nifanyeje? Niliyopitia nikiwa mlinzi Dar

Vijana wengi wa ulinzi wananiuliza swali lilelile, kaka mi nalipwa chini ya kima cha chini cha serikali, niache kazi au nivumilie? Jibu langu halijawahi kubadilika, usiache kwanza. Ukiondoka leo kwa hasira umempa bosi nafuu kubwa sana, maana aliyeko ndani ndo anaiona rosta, ndo anasaini daftari la lindo, ndo anajua nani kalipwa shilingi ngapi mwezi huu. Ukishatoka unabaki na maneno ya mdomo tu, na maneno ya mdomo hata bosi anayo. Kusanya kwanza ukiwa bado kazini, afu ndo useme. Haya nimeyapitia mwenyewe na nitaeleza kama yalivyokuwa, jina la kampuni silitaji na wenzangu siwataji maana wengine bado wapo kwenye hizi kazi.

Mwaka 2023 nilikuwa mlinzi hapa Dar, nakaa Mbagala, lindo langu lipo Vingunguti kwenye godauni. Naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, na reliva, yaani mlinzi wa kukupokea zamu, asipotokea unaunganisha mpaka mchana bila hata mtu kukuuliza umekula nini. Mshahara 90,000. Chumba nalipa 40,000, inayobaki ndo nauli, ndo chakula, ndo ya kumtumia mama kijijini. Na hiyo 90,000 yenyewe huipati yote, sare unakatwa, ukikutwa umesinzia unakatwa, supavaiza akipita saa tisa usiku akakukosa getini kumbe umeenda chooni nako unakatwa. Kuna mwenzetu ana watoto watatu, mwezi mmoja alitoka na 61,000 mkononi, alikaa pale kwenye benchi la ofisi anazihesabu mara mbili mbili kama vile zitaongezeka, hakuna aliyeongea kitu.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja wa zamu ya mchana, mstaafu, tulikuwa tunamwita Babu. Yeye alikuwa na ile karatasi ya Tangazo la Kima cha Chini cha Mshahara la 2022, lile lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Alituonyesha mstari wetu, ulinzi binafsi, kampuni kubwa na za kimataifa 222,000, kampuni ndogo 148,000. Yaani hata kama kampuni yetu ingekuwa ndogo kuliko zote nchi hii, bado kila mwezi ilikuwa inabaki na 58,000 ya kwangu. Kwa mwaka hiyo ni 696,000. Kwa mtu anayelipa chumba 40,000 hiyo ni kodi ya zaidi ya mwaka mzima, imekaa mfukoni kwa mtu mwingine.

Hapa niseme kitu ambacho watu wengi wanachanganya. Kima cha chini cha sekta binafsi Tanzania Bara hakiko kimoja, kinaenda kwa sekta na ndani ya sekta kuna makundi. Kwenye tangazo lile la 2022 mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri alikuwa 60,000, asiyelala hapo 120,000, wa baa na gesti na mgahawa 150,000, wa shamba 140,000, wa viwanda na biashara 150,000. Kwaiyo kabla hujaenda popote ujue mstari wako ni upi. Nimeshaona mtu anasikia kwenye redio Mei Mosi kwamba kima cha chini kimepanda mpaka 500,000, anaenda kwa bosi kifua mbele, kumbe ile ya Mei Mosi 2025 iliyotangazwa Singida, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai, ni ya watumishi wa umma, sio ya kampuni binafsi. Bosi akishaona hujui unachodai hakusikilizi tena hata ukirudi na namba sahihi.

Na sa hivi namba zimebadilika tena. Tangazo jipya la sekta binafsi lilitoka Oktoba 2025 na limeanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, wastani umepanda kutoka 275,060 kwenda 358,322. Lakini huo ni wastani wa sekta zote, usiende ukadai 358,322 kwa sababu tu umeisikia kwenye taarifa ya habari, tafuta jedwali lenyewe uone sekta yako na kundi lako. Ofisi ya kazi ya mkoa wanalo, chama cha wafanyakazi wanalo, na linasambaa kwenye simu ila hakikisha ni la 2025 sio la zamani. Wa Zanzibar nao wana sheria yao na viwango vyao tofauti.

Jedwali linataja malipo kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili na kwa mwezi. Hii ni muhimu sana kwa vibarua, maana mtu anaambiwa we ni wa kutwa hauhusiki na kima cha chini. Unahusika, mstari wa siku upo.

Sasa kitu kilichoniuma kuliko hata ile 58,000 ni masaa. Sisi wote tulikuwa tunabishana kuhusu 90,000 na 148,000, Babu akatuambia hiyo 148,000 ni ya mtu anayefanya masaa 45 kwa wiki, nyie mnafanya mangapi? Tukapiga hesabu pale pale kwenye kipande cha boksi. Masaa 12 mara siku sita ni 72. Toa 45, yanabaki 27 ya ziada kila wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida mwisho 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ya ziada yanalipwa mara moja na nusu, tena hayaruhusiwi kuzidi 50 ndani ya wiki nne. Sisi kwa wiki nne tulikuwa na 108. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa masaa 195, kwaiyo 148,000 inakuja kama 759 kwa saa, mara moja na nusu ni 1,138, zidisha kwa 108 unapata 122,000 na ushee. Yaani masaa ya ziada peke yake yalikuwa yanazidi mshahara wote niliokuwa nalipwa. Na bado kuna nyongeza ya usiku, asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Ofisini baadae walijaribu kusema katika yale masaa 12 kuna saa moja ya mapumziko, itolewe. Sheria kweli inatoa mapumziko ya dakika 60 ukifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo na mwajiri halazimiki kuyalipia, lakini ukitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati huo yanalipwa. Mlinzi aliye peke yake getini usiku anapumzika wapi? Akila ugali anakula anaangalia geti. Pia wanaweza kuleta hoja kwamba mlikubaliana zamu ndefu za masaa 12 bila malipo ya ziada. Hiyo ipo kisheria lakini lazima iwe kwa maandishi na mwisho siku tano kwa wiki, sio sita. Waambie walete hayo maandishi.

Kuhusu makato ya kusinzia na sare na vitu vya hivyo, sheria haimruhusu mwajiri kukata anavyojisikia. Akisema umesababisha hasara inabidi iwe ni kweli umeisababisha kwa kosa lako ukiwa kazini, upewe nafasi ya kujieleza, asikate zaidi ya hasara yenyewe, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara. Kusinzia dakika kumi bila kitu kuibiwa hasara iko wapi? Yule mwenzetu wa 61,000 alikatwa 29,000 kwenye 90,000, robo yake ni 22,500, kwaiyo hata kama hasara ingekuwepo bado walivuka. Na wala hakuitwa kuulizwa.

Tukaanza kukusanya. Hii ndo sehemu ninayotaka mtu aisome taratibu.

Sisi hatukuwa na hati ya mshahara, tulikuwa tunalipwa mkononi unasaini kwenye kitabu chao, baadae wakawa wanatuma kwa simu. Hela ya simu ni ushahidi mzuri mno, unaenda kwenye duka la mtandao wako unaomba taarifa ya miamala ya miezi kadhaa, inatoka na tarehe na kiasi na aliyetuma. Usifute meseji. Tukapiga picha rosta kila wiki inapobandikwa. Meseji za supavaiza za "leo unganisha, reliva haji" tukazihifadhi. Na daftari la lindo, lile unaloandika saa ya kupokea na saa ya kukabidhi na vitu ulivyokuta, kila mlinzi akawa anapiga picha ukurasa wake mwenyewe aliousaini, asubuhi kabla hajaondoka. Lile daftari ndo lilitusaidia kuliko kitu chochote maana ni la kwao wenyewe, supavaiza anasaini kila akipita, hawawezi kusema hukuwepo. Hatukuchukua karatasi ya ofisi hata moja kuondoka nayo, hilo usilifanye, watakugeuzia kibao cha wizi na wewe ni mlinzi, jina likichafuka hupati lindo tena.

Mwenzetu mmoja akaenda NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kuangalia michango yake. Huko tukakuta mambo mawili. La kwanza kuna miezi tulikatwa na hela haikupelekwa. La pili, kwenye miezi iliyopelekwa, mshahara ulioandikwa ni 148,000! Yaani kwenye makaratasi ya serikali sisi tulikuwa tunalipwa vizuri kabisa. Mchango ni asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri, kwaiyo ukiona kiasi kilichoingia unaweza kupiga hesabu kurudi nyuma ukajua walitangaza mshahara gani. Kila mfanyakazi aende akaangalie, haijalishi ana ugomvi na bosi au hana.

Mkataba wengi hatukuwa na nakala. Ulisainishwa siku ya kwanza ukiwa na wadhamini wako na barua ya serikali ya mtaa, wakauweka kwenye faili, basi. Watu wanadhani bila mkataba huna kesi. Sheria inasema mwajiri ndo anatakiwa akupe maelezo ya ajira kwa maandishi na ayatunze, na mkifika kwenye shauri akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yale unayodai kuhusu masharti ya kazi unakuwa kwake. Kwaiyo wewe sema unachokijua na leta ulichonacho.

Tulikuwa saba tuliokubali kwenda pamoja, wengine waliogopa na siwalaumu, mtu ana kodi na nje kuna vijana wamepanga foleni wanataka hiyohiyo 90,000. Tukaandika barua, lugha ya heshima kabisa, tukaomba walipe kwa mujibu wa tangazo na walipe mapunjo toka Januari 2023, tukapeleka nakala mbili, moja tukaigongesha muhuri wa kupokelewa tukabaki nayo. Dada wa mapokezi aligonga bila hata kusoma. Jibu lilikuja kwa mdomo, mkurugenzi akatuita akasema mlikubali wenyewe, mlisaini 90,000, nani aliwalazimisha? Kukubali kwako hakumsaidii kitu. Kima cha chini ni cha sheria, mkataba hauwezi kwenda chini yake hata mkisaini wote wawili mbele ya wakili. Babu alimwambia hivyohivyo, "Mheshimiwa, hata mimi nikikubali kulipwa elfu kumi bado utadaiwa ile nyingine," akasema kwa upole tu.

Wiki iliyofuata uhamisho ukaanza. Mimi wa Mbagala nikapelekwa lindo la Bunju, mwenzangu wa Gongo la Mboto akapelekwa Kibaha. Anayejua Dar anajua maana yake, unamaliza mshahara kwenye daladala mpaka uache mwenyewe. Tukaenda. Tukaingia zamu kwa wakati, tukasaini madaftari ya huko, tukaendelea kupiga picha. Wakaleta karatasi tusaini, imeandikwa kwamba nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai yoyote, wanakwambia ukisaini hii mshahara wa mwezi huu unatoka leo. Hiyo karatasi usiisaini kama hujalipwa. Mmoja wetu alikuwa na mtoto mgonjwa akataka kusaini, tukachangishana tukampa tukamwambia subiri. Kama umebanwa kabisa na lazima uchukue hela, andika kiasi ulichopokea na mwezi wake na neno "napokea huku nikiendelea kudai", afu piga picha.

Sasa wa kwenda kwao ni wawili na kazi zao hazifanani. Afisa Kazi, ofisi zipo mikoani na hulipi kitu, huyu ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua vitabu vya mishahara, kuhoji watu, na akikuta sheria imevunjwa anaweza kumpa mwajiri amri ya kurekebisha. Uzuri wake ni kwamba anaangalia kampuni nzima, sio wewe mmoja. Tulimpelekea nakala za picha na zile taarifa za NSSF, akaja kukagua kama ukaguzi wa kawaida. Baada ya hapo mshahara ulipanda kuwa 148,000 kwa walinzi wote, hata wale waliokataa kuja na sisi. Nilifurahi sana siku ile, kuna watu walipata 58,000 ya nyongeza bila hata kujua imetokea wapi.

Lakini mapunjo ya nyuma kampuni ikakaa kimya. Hapo ndo tukaenda kwa wa pili, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaita CMA. Nako bure. Unajaza fomu namba moja, inaitwa CMA F1. Kwenye hiyo fomu kuna mambo matatu ya kuwa nayo makini. Kuna sehemu B ambayo ni ya aliyeachishwa kazi tu, kama bado uko kazini unadai mapunjo usiiguse. Kuna sehemu ya kuandika unataka nini, andika kila kitu, mapunjo ya mshahara, masaa ya ziada, nyongeza ya usiku, makato, michango ya NSSF, na kiasi chake, maana mbele ya safari usichokiandika hapo hawakusikilizi. Na la tatu, mwajiri lazima apelekewe nakala yake na wewe ubaki na uthibitisho kwamba kapokea, bila huo hawakupokelei.

Muda. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu kupeleka mgogoro. Madai mengine, ikiwemo mapunjo ya mshahara, siku 60 toka mgogoro ulipoanza. Ni muda mfupi mno na waajiri wanaujua kuliko sisi. Kuna mwenzetu aliacha kazi mapema, mkurugenzi akawa anamwambia njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi, tunamalizana kiungwana, akaamini. Muda ukapita. Alipofika CMA ikabidi ajaze fomu nyingine, F2, ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na huko unatakiwa utoe sababu nzito na uthibitisho. Sababu ya kwamba nilikuwa naahidiwa haikumsaidia, ombi lake lilikataliwa. Alikuwa na madai kama ya kwetu na picha kama za kwetu. Inaniuma mpaka leo maana ni mtu mkweli na alidhani anaongea na mkweli mwenzake. Ahadi za bosi hazisimamishi siku, we kafungue, kama atakulipa kweli utaenda kuifuta.

Na kuna hii ya kukaa benchi, walinzi mnaijua. Hawakuandikii barua ya kukufukuza, wanakwambia kwa sasa hakuna lindo, rudisha sare, tutakupigia. Simu haiji. Huyo kijana anakaa nyumbani anasubiri, anajiona bado mfanyakazi, siku 30 zinaisha. Mmoja wetu alifanyiwa hivyo baada ya barua yetu. Tulichomwambia ni hiki, kila asubuhi nenda ofisini, tuma meseji kwa supavaiza "nipo ofisini, naomba kupangiwa lindo", hifadhi, andika barua kuuliza hali ya ajira yako. Na usisubiri majibu mpaka ukapitwa, hesabu siku kuanzia ile waliyokwambia rudisha sare. Alipeleka kama kuachishwa kazi, hapo ndo ile sehemu B inajazwa. Sheria inasema kumuachisha mtu kwa sababu ametumia haki yake ya kisheria, au kwa sababu ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, sio sababu halali. Kampuni ilivyoona barua na meseji zake zimepangwa kwa tarehe, wakampangia lindo kabla hata ya siku ya usuluhishi na wakakubali kumlipa siku alizokaa benchi.

Chama kipo, sekta ya ulinzi kuna TUPSE, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa ndani wana CHODAWU, viwanda na biashara TUICO. Ukiwa mwanachama kiongozi wa chama anaweza kukusimamia CMA. Unaweza pia kwenda na wakili au mtu yeyote uliyemchagua mwenyewe. Sisi tulimchagua Babu.

Siku ya usuluhishi mnakaa kwenye chumba kidogo, msuluhishi, upande wenu, upande wa kampuni, lugha Kiswahili, hakuna wa kukutisha. Usikose siku hiyo hata kama umetoka zamu hujalala, mlalamikaji asipofika msuluhishi anaweza kulifuta shauri, na asipofika mwajiri anaweza kuliamua. Hatua hii inatakiwa iishe ndani ya siku 30, ikishindikana mnaenda kwenye uamuzi. Kampuni ilileta pingamizi kupitia mwanasheria wao kwamba miezi ya nyuma iko nje ya muda. Msuluhishi akawauliza kuhusu zile 148,000 za NSSF, nani aliziandika na nani alizipokea. Mwanasheria akaomba dakika kumi wakazungumze nje. Walivyorudi sauti ilikuwa nyingine kabisa. Tuliwashauri wenzetu wasishikilie kila senti, tukakubaliana mapunjo yote ya mshahara, masaa ya ziada ya miezi ya karibuni tu, michango ya NSSF ipelekwe, na makato ya kusinzia yarudishwe. Kuna waliosema tumeachia hela nyingi kwenye masaa, ni kweli, ila mtu mwenye mtoto mgonjwa hawezi kusubiri uamuzi afu kampuni iende Mahakama Kuu kuomba marejeo, yaani uamuzi uangaliwe upya.

Malipo yalipangwa kwa awamu tatu. Mbili zilikuja, ya tatu ikachelewa, simu hazipokelewi. Tukarudi CMA kuuliza, wakatueleza makubaliano yaliyosainiwa pale yanaweza kukazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu, mahakamani kama hukumu, mpaka mali za kampuni kukamatwa. Tukaenda ofisini na fotokopi tukawaambia Jumatatu tunafungua maombi ya kukaza. Hela iliingia kwenye simu Ijumaa jioni. Kwaiyo nakala yako yenye saini ya msuluhishi iweke nyumbani kwa mtu unayemwamini, kila ofisi utakayoenda peleka fotokopi.